Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kusomea ubongo

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi wazima. Upepo wa Juni umeingia na vumbi lake, asubuhi hatutoki bila sweta, na mama mdogo anaendelea kuwatangazia wauza nyanya wa Majengo kwamba mwanawe anakwenda Marekani "kusomea mambo ya Mirembe". Nimemweleza mara tatu kwamba sayansi ya ubongo si magonjwa ya akili ya hospitali ya Mirembe peke yake. Akanitazama juu mpaka chini: "Na wewe si ulisomea hayo hayo? Mbona umerudi vilevile?" Nikaona niondoke zangu.

Ulinitumia ratiba ya mwaka wa kwanza, masomo manne umeyazungushia kalamu nyekundu, ukauliza, "Kaka, haya mengine ni lazima?" Vijana wengine wawili wameniuliza hivyo hivyo tangu Aprili, kwa hiyo nakujibu hapa hadharani, wasome wote.

Haya mengine, yaani semina ya kila wiki, chakula cha mchana na mgeni aliyetoa semina, kikao cha kusoma makala, mafungo ya Septemba na zile jioni za bia za Ijumaa, si lazima. Hakuna anayeita majina. Ndiyo maana mwaka wangu wa kwanza niliyaruka karibu yote, nikajifungia na vitabu kama mtu anayesubiri mtihani wa kidato cha sita. Masomo nikapata A tupu. Maabara tatu nikazizunguka kwa zamu kama wenzangu, nikafanya kazi bila kuinua kichwa. Ulipofika wakati wa kuchagua maabara ya kukaa miaka minne au mitano, wasimamizi wote watatu waliandika kitu kimoja juu yangu: mchapakazi, ila hatujui anawaza nini.

Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nawaza mengi. Lakini wewe unajua tulivyolelewa. Mkubwa akiongea unasikiliza, ukiwa na swali unalimeza, na ukilimeza vizuri wanasema una adabu. Kule, swali ulilolimeza linahesabiwa kwamba hukuwa nalo.

Kikao cha makala ndicho kilichoniumbua kabisa. Kinakuwa mchana, kila mtu na chakula chake. Mwanafunzi mmoja anachagua makala iliyokwisha kuchapishwa, wenzake wanaisoma kabla, halafu kwa saa moja mnaichambua kama samaki, mfupa mmoja mmoja. Zamu yangu nilileta ile ya mwaka 2009 ya Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazil. Utakutana nayo. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vikisema ubongo wa mtu una seli za neva bilioni 100, na ukiuliza nani alizihesabu, hupati jina. Mama huyu na wenzake wakachukua bongo za watu (si Bongo yetu), wakaziyeyusha kwa sabuni ya maabara mpaka zikawa supu. Seli zinapasuka lakini viini vyake vinabaki vinaelea. Unakoroga supu isawazike, unatia rangi, unahesabu viini vya tone dogo chini ya hadubini, kisha unazidisha. Wakapata wastani wa bilioni 86. Na zile seli nyingine za ubongo zisizo za neva, ambazo vitabu vilidai ni mara kumi ya seli za neva, zikaonekana zinakaribiana nazo kwa idadi.

Niliipenda mno kazi hiyo. Nikaisifu dakika arobaini, na slaidi za rangi. Nilipomaliza, profesa mmoja, mama mwenye mvi aliyekuwa akitafuna karoti zake taratibu muda wote ule, akauliza, "Bongo ngapi?"

Nne, nikasema.

"Za nani?"

Wanaume.

"Umri?"

Miaka 50 mpaka 71.

Akachukua karoti nyingine. "Na wewe unaonaje?"

Nikasema naona ni kazi nzuri sana, Profesa. Chumba kizima kikainamia vyakula vyake.

Usiku ule sikulala. Nilijua mama yule hanipendi, pengine na nchi yangu haipendi. Mwaka mzima nikawa nikimwona kwenye korido nageuza njia. Ijumaa ya kwanza niliyokubali kwenda kukaa na wenzangu jioni, nikiwa na soda yangu mkononi, akaja kuketi karibu nami, akaniambia ile makala anaipenda kuliko mimi. Anaipenda kwa sababu ilianza na swali la utukutu, nani alihesabu hizo bilioni 100, akataka kuona kama nami nitaigeuzia swali hilohilo: bongo nne, zote za wanaume, zatosha kusema "ubongo wa binadamu"? Alikuwa ananisukumia pasi, mpira ukapita miguuni kwangu ukatoka nje. Na hayo yote ningeyajua wiki ileile kama Ijumaa ileile ningekwenda.

Kuhusu bia zenyewe usihangaike. Soda zipo, na hakuna anayechungulia glasi ya mwenzake. Wakisema kila mtu alete chakula, peleka chapati nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Profesa mwite kwa jina lake la kwanza anapokuambia ufanye hivyo. Ulimi utakataa, mimi ulinikatalia mpaka mwaka wa tatu, na shikamoo ilikuwa ikinitoka tu yenyewe.

Mafungo usikose. Neno lao, "retreat", ni lilelile ambalo parokiani linatumika kwa mafungo ya kusali, kwa hiyo mara ya kwanza nilibeba rozari na daftari. Kumbe ni siku mbili kambini kando ya ziwa, mchana watu wanaelezana utafiti, usiku maprofesa wanacheza muziki vibaya mno na wanafunzi wanaigiza jinsi wasimamizi wao wanavyoongea, na wasimamizi wanacheka mpaka machozi. Sisi wenye utani wa makabila tungelielewa jambo hilo haraka, kama tungehudhuria. Pale penye moto ndipo mzee mmoja alipotusimulia habari ya Golgi na Cajal, wachunguzi wawili wa zamani wa seli za neva. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na tarehe 11 Desemba Golgi akasimama Stockholm akaitumia hotuba yake kuushambulia msimamo wa mwenzake, kwamba kila seli ya neva inajitegemea. Kesho yake Cajal naye akapanda jukwaani. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi, na cha kuchekesha zaidi, alizionea seli zake kwa rangi aliyoigundua Golgi mwenyewe. Kitabuni nilikuwa nimesoma majina hayo mawili na mwaka. Ugomvi wao niliupata kwenye moto.

Halafu utakwenda kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi wa neva, ule unaokusanya maelfu kwa maelfu. Mimi nilikwenda Chicago na bango langu la kuelezea utafiti, kwenye bomba la plastiki. Mabango yamepangwa safu kwa safu, ukumbi hauna mwisho, nawe umesimama mbele ya lako kama muuza mitumba siku ya mvua. Watu wanasoma kichwa cha habari, wanatabasamu, wanapita. Baada ya muda mrefu akaja mzee mmoja, akasoma beji yangu, akauliza kama Tanzania kwetu ni karibu na Mahenge. Nikasema Mahenge iko Morogoro, mkoa jirani. Akaanza kunisimulia juu ya daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyewatibu watu wenye kifafa kule Mahenge kuanzia miaka ya 1960, akaandika habari za watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, miaka mingi kabla ugonjwa huo haujasikika kutoka Uganda na Sudan Kusini ukahusishwa na minyoo ya usubi. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia. Nimezaliwa Dodoma, nimesoma ubongo miaka mitatu ughaibuni, na Mahenge nasimuliwa na mgeni katikati ya Chicago! Swali lake la mwisho lilikuwa, "Nyumbani utarudi kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Nililitafuta kwenye ndege.

Siku hizi Alhamisi jioni tunakaa watu sita au saba chini ya mwarobaini, kahawa na kashata, makala moja. Mara ya kwanza walikaa kimya, wakinitazama kama ninavyomtazama askofu. Wiki ya nne binti mmoja, muuguzi, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, akaniambia, "Samahani mwalimu, lakini hapa naona umekosea." Nilitaka kumnunulia mbuzi mzima.

Bomba la bango lipo kwa mama mdogo, juu ya kabati. Amelijaza vijiti vya mishikaki, mwambie avitoe. Kifuniko kimoja kimepotea, funga na gundi ya karatasi, litakufaa mpaka mwaka wa pili.

Kaka yako,
Kisasa, Dodoma