Kabla Hujamlipa Mtu Akufundishie Mbwa

Wateja wengi wanaotupigia simu kutoka Nyali na Bamburi huuliza jambo moja kwanza: mtakaa na mbwa wangu kwa muda gani, na akirudi atakuwa ameshajua kila kitu? Jibu letu huwashangaza baadhi yao. Hatumchukui. Mbwa aliyefundishwa mbali na kwao humtii aliyemfundisha. Akirudi anakuta watu wale wale na mazoea yale yale, na haichukui muda kabla hajarudia ya zamani.

Chukua nyumba ya kawaida. Baba anasema "kaa", watoto wanasema "sit", askari wa getini anapiga mluzi, na dada wa kazi, kwa kuwa anamwogopa, anamtupia kipande cha ugali ili aondoke. Mbwa akimrukia mtu, huyu anacheka, yule anampiga teke. Mbwa huyo hana kosa lolote. Ndiyo maana mkufunzi mzuri huanza na watu.

Hapa Mombasa suala la kurukia watu ni zito. Jirani anaelekea msikitini na kanzu yake safi, na mbwa wako, kwa furaha tu, anamwekea miguu na kumlamba. Waislamu wengi wa pwani hii ni Mashafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo somo letu la kwanza daima ni kukaa mtu anapokaribia.

Shika kipande cha maini ya kuchemsha, kidogo kama punje ya maharagwe, karibu na pua yake, kisha kipandishe polepole kuelekea kisogoni. Pua ikikifuata, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, mpe papo hapo. Ukichelewa hadi akainuka, umemtuza kwa kuinuka. Neno "kaa" liongeze akishaelewa mwendo wenyewe, na nyumba nzima itumie neno hilo hilo. Dakika tano asubuhi kabla jua halijawa kali, na tano nyingine jioni, zinatosha.

Ukitafuta mkufunzi, awe sisi au mwingine, muulize: mbwa akikosea, unafanya nini? Akikutajia fimbo au mnyororo wa kunyonga, tafuta mwingine. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, lakini hofu inabaki, na siku moja atauma bila onyo. Omba pia kumtazama akifanya kazi na mbwa wa mtu mwingine. Ukiona mkia umefichwa katikati ya miguu na masikio yamelazwa nyuma, umeshapata jibu.

Kuna wanaotuomba tumfanye mbwa awe mkali. Tunakataa kabisa. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa ili asizoee watu huwa mwoga, na mwoga hachagui: atamuuma mwizi, atamuuma na mtoto wa shangazi aliyekuja likizo. Anayebweka getini na kunyamaza akiitwa anakulinda vizuri zaidi.

Usingoje afikishe miezi sita. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mtoto wa mbwa huamua vitu gani vya dunia hii ni vya kawaida. Kama hajamaliza chanjo, mbebe mikononi uketi naye barabarani aone tuktuk, mabuibui, miavuli na watoto wa shule. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Ziara ya kwanza huwa nyumbani kwako. Tunaomba kila anayeishi na mbwa awepo, pamoja na askari na dada, kadi ya chanjo iwe karibu, na mbwa asiwe ameshiba.