Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watafiti wa Kigoma,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: vikao vya usomaji viliendelea, semina ya kuandika maandiko ya utafiti ilifanyika, na vijana tisa wa sosholojia, jiografia na sayansi ya siasa walipokelewa. Mengine yamo katika mihtasari.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa Kamati Tendaji wa kuondoa fungu la kukodi ukumbi na kuhamishia mafunzo ya utawala wa mazingira ya dunia, yaani namna nchi zinavyokubaliana kutunza mazingira, katika mwalo wa Kibirizi, wanakoshushia samaki wavuvi wa Kigoma. Wapo waliosema kwamba mwenyekiti amewageuza watafiti kuwa wachuuzi wa dagaa. Sababu yangu ni hii: mwaka huu Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi zilezile zilizotia saini mkataba wa ziwa hili jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Kijana anaweza kuukariri mkataba huo kifungu kwa kifungu na bado asijue unavyomfikia mwanika dagaa. Mwanafunzi wetu alimuuliza mama mmoja anaionaje "hatua ya usimamizi wa kikanda". Mama akataka kwanza aambiwe sare za watoto zitanunuliwa kwa fedha gani shule zikifunguliwa Julai. Dodoso liliandikwa upya jioni ileile. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alijenga hoja zake kwa kuchunguza watumiaji wa maji, misitu na samaki wanavyojiwekea kanuni. Sioni kwa nini sisi wa Kigoma tuanzie kwenye kiyoyozi. Wazo lilikuwa langu, Kamati ikalipitisha, na ripoti tatu za vijana ziko mezani.

Wanaolaumu zaidi hawakuhudhuria. Mkutano wa Juni uliahirishwa kwa kukosa akidi. Kati ya wanachama 58, waliolipa ada ni 21. Makusanyo ni shilingi 420,000, matumizi shilingi 1,150,000, na pengo limezibwa kwa michango ya hiari, wangu ukiwamo.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuwafikisha vijana Bujumbura, yaliko makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, na pengine katika ardhioevu ya Malagarasi. Wanaosema walikwisha kulipa ada wawasilishe stakabadhi kwa mweka hazina kabla ya uchaguzi, kwa kuwa katiba yetu haimruhusu mdaiwa kupiga kura.