Maji ya dampo hayatibiwi kwa mkaa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu yale maji meusi yanayochuruzika chini ya madampo, maana kila yakizungumzwa anatokea mtu anasema weka mkaa ulioamilishwa basi kazi imeisha, na watu wanaamini.

Mkaa huo unafaa, sibishi. Una vitundu vidogo mno ndani yake, gramu moja tu ukijumlisha kuta zake zote unaweza kupata mita za mraba 1,000, na humo ndo viuatilifu, viyeyusho na kemikali nyingine za kioganiki zinanasa. Ila sio mkaa wa kupikia jamani, huu umepitishwa kwenye mvuke kwa joto la nyuzi 800 na kuendelea au umetibiwa kwa kemikali ndo vitundu vikafunguka.

Shida ni mpangilio. Dampo likiwa changa maji yake yamejaa asidi nyepesi za taka zinazooza, ule uchafu wa kioganiki ukipimwa kwa COD, yaani kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuuvunja uchafu huo kikemikali, unaweza kupita miligramu 10,000 kwa lita, sasa ukiyapeleka moja kwa moja kwenye mkaa utajaa mapema na hela imepotea, wakati bakteria wangekula sehemu kubwa kwa gharama ndogo. Dampo likizeeka mambo yanageuka, zinabaki asidi za humiki, yaani mabaki magumu ya vitu vilivyooza, zinazoyapa maji rangi ya kahawia, na asidi hizo zinawashinda bakteria kuzila, hapo ndo mkaa una kazi yake. Na bado uchague, molekuli za humiki ni kubwa, mkaa wa vifuu vya nazi vitundu vyake vingi ni vyembamba mno haziingii, inabidi upate wenye vitundu vipana zaidi.

Alafu kuna amonia, ile kemikali inayotoka kwenye taka zikioza. Mkaa wa kawaida karibu hauigusi kabisa, kwahiyo maji yanaweza kutoka safi machoni na bado yakaua samaki, na hili ndo linaniuma zaidi kwasababu watu wanaangalia rangi tu wanaridhika.

Wanaosimamia madampo naomba wapime COD na amonia kwenye maji yanayotoka, wapime mara kwa mara sio siku ya ukaguzi tu, na majibu yatolewe hadharani. Pia watuambie mkaa ukishajaa unapelekwa wapi, maana usipochomwa upya kwenye tanuru ukatupwa kulekule dampo, sumu itarudi kwenye maji yaleyale.

Msomaji wenu