Malalamiko: Kiendelezi chenu kinaandika "Limetumwa" kwa ombi la kazi ambalo halijatumwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Uhandisi wa Programu

YAH: HESABU YA UONGO YA MAOMBI YALIYOTUMWA, MAJIBU YALIYOBUNIWA, NA USALAMA WA TAARIFA ZA WAOMBAJI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni watumiaji wa kifurushi cha kulipia cha kiendelezi chenu (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha kujaza maombi ya kazi, na baadhi yetu ni watengenezaji wa tovuti. Tumekichunguza kwa zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo kila tunalolisema hapa mhandisi wenu anaweza kulirudia mezani kwake na kulithibitisha.

Lalamiko letu kuu linahusu neno moja. Kila kiendelezi kinapofika mwisho wa fomu, paneli ya pembeni inaandika kwa kijani "Limetumwa", hesabu ya siku inaongezeka moja, na mgawo wa mwezi wa mtumiaji unapungua moja. Neno hilo halina maana kwamba mwajiri amepokea ombi. Maana yake ni kwamba skripti yenu imebofya kitufe ilichodhani ni cha mwisho, basi. Haingoji ukurasa wa uthibitisho, haisomi jibu la seva, haitafuti namba ya ombi. Mwombaji anaona hesabu inapanda, anafunga kompyuta akiwa ametulia, na siku ya mwisho ya tangazo inapita huku jina lake halimo kwa mwajiri yeyote.

Tuanze na namna mnavyojaza, maana huko ndiko maombi mengi yanakofia. Chukueni fomu iliyojengwa kwa React, maktaba ya kutengenezea kurasa za wavuti ambayo Facebook iliitoa kwa umma mwaka 2013 na ambayo leo imo kwenye kurasa nyingi za ajira. Fomu ya namna hiyo kwa kawaida haitumi maandishi yanayoonekana ndani ya kisanduku. Inatuma nakala yake iliyo kwenye kumbukumbu, na nakala hiyo hubadilika pale tu tukio la input, yaani taarifa kwamba mtu ameandika kitu, linapopokelewa. Skripti yenu mmeiingiza katika mazingira ya ukurasa wenyewe, yale yanayoitwa MAIN, na humo React huwa imekwisha kukiwekea kila kisanduku mlinzi anayekumbuka thamani ya mwisho. Mnapoandika thamani kwa njia ya kawaida, mlinzi anaiona na kuikariri. Mnaporusha tukio la input baadaye, analinganisha, anakuta thamani ni ileile aliyonayo, na tukio linapuuzwa. Jicho la mtumiaji linaona jina limeandikwa. Kwa fomu, kisanduku ni kitupu.

Kulirudia kosa hili ni kazi ya dakika moja. Acheni kiendelezi kijaze fomu, kisha andikeni kwa mkono herufi moja katika kisanduku kingine chochote cha fomu hiyohiyo. Fomu ikijichora upya, majina yaliyojazwa yatafutika mbele ya macho yenu, au maandishi mekundu ya "sehemu hii inahitajika" yatatokea chini ya kisanduku kilichoonekana kimejaa. Dawa yake ni ya mistari michache: iteni kiwekaji asilia cha value kutoka HTMLInputElement.prototype, kisha rusheni input yenye bubbles: true, halafu change, halafu blur kwa fomu zinazokagua mtu anapotoka kwenye kisanduku. Au rudini kwenye mazingira yaliyotengwa ya kiendelezi, yaliyo kando na msimbo wa ukurasa, ambako thamani mnayoiandika haimpitii mlinzi huyo kabisa. Tunashangaa kwa nini mlihama huko, kwa kuwa ni salama zaidi kwa kila upande.

Jambo la pili ni fremu. Waajiri wanaotumia Greenhouse, mfumo wa kupokea maombi ya kazi, kwa mfano, wanaweza kuipachika fomu ya maombi ndani ya fremu, yaani ukurasa uliowekwa ndani ya ukurasa wao. Faili yenu ya maelezo ya kiendelezi (manifest) haina all_frames: true, hivyo skripti haiingii ndani ya fremu hiyo. Inabaki nje, inatafuta kisanduku chochote cha barua pepe, inakuta kile cha kujiandikisha kupokea matangazo chini ya ukurasa, inakijaza na kubofya. Paneli inaandika "Limetumwa". Kilichotokea ni kwamba mwombaji amejiunga na jarida la kampuni.

Kwenye Workday, mfumo mwingine wa namna hiyo, hali ni nyingine lakini mwisho ni uleule. Huko kila mwajiri ana anwani yake, mwombaji anafungua akaunti mpya kwa kila mwajiri, na ombi linapita kurasa kadhaa kabla ya ukurasa wa mapitio. Kiendelezi kinabofya "Hifadhi na Uendelee" kwenye ukurasa wa kwanza na kulihesabu ombi zima kuwa limekwisha. Linabaki rasimu. Mtumiaji akiingia mwenyewe kwenye akaunti ile ataliona, ila kiendelezi hakimwambii aingie, na nenosiri la akaunti hiyo kilimtungia chenyewe.

Kwenye kupakia CV mnastahili sifa nusu. Kivinjari hakiruhusu skripti kuandika mahali faili lilipo, na ninyi mmeizunguka kanuni hiyo kihalali kwa kutengeneza faili kupitia DataTransfer, zana ya kivinjari ya kuhamisha faili, na kurusha change. Inafanya kazi. Tatizo ni mpangilio: mnajaza historia ya kazi kwanza, CV inafuata. Mifumo mingi, ikishapokea CV, huisoma na kujaza yenyewe sehemu za elimu na kazi. Matokeo ni kwamba kila ajira inatokea mara mbili, au tarehe zilizokuwa sahihi zinafunikwa na zile ambazo msomaji wa CV amezikosea. Pakieni kwanza, ngojeni usomaji ukamilike, kagueni kilichoandikwa, ndipo mjaze kilichobaki.

Tarehe na simu tutazipitia haraka. Kisanduku cha aina ya date hukubali kutoka kwa skripti mpangilio mmoja tu, mwaka-mwezi-siku, kama 2021-04-03, hata kama kwenye skrini kinaonyesha vingine. Ninyi mnaandika 03/04/2021, na kivinjari kinaigeuza kuwa tupu bila kelele. Kwenye simu, msimbo wa nchi ukiwa na orodha yake pembeni, mnabandika namba nzima yenye alama ya kujumlisha, kwa hiyo msimbo unaingia mara mbili na mwajiri hawezi kupiga. Majina nayo mnayabahatisha kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya kisanduku, wakati fomu nyingi tayari zimeandika autocomplete, lebo inayoieleza kivinjari kisanduku ni cha nini, yenye given-name, additional-name na family-name. Someni hizo kwanza.

Sasa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote hayo. Kiendelezi kinajibu maswali ambayo mtumiaji hajawahi kuulizwa.

Fomu nyingi zina maswali mawili yanayofuatana: kama mwombaji ana ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi katika nchi husika, na kama atahitaji mwajiri amdhamini kupata viza. Kwa mtu asiyehitaji viza, majibu ni "Ndiyo" na "Hapana". Kiendelezi kinaweka "Ndiyo" kwa yote mawili, kwa kuwa kinachukulia kila swali la ndiyo au hapana kuwa linataka "Ndiyo". Haya ni maswali ya mchujo. Mwajiri akiwa ameuweka mfumo uwakatae wanaohitaji udhamini, ombi linakataliwa na mashine kabla mtu hajafungua CV. Mwombaji anapata barua ya kukataliwa baada ya dakika chache na kuamini kwamba sifa zake hazitoshi, kumbe amekataliwa kwa jibu ambalo si lake.

Kwa maswali ya kuandika mnatumia modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayotunga maandishi. Swali likiuliza "una uzoefu wa miaka mingapi na programu fulani?" na programu hiyo haimo kwenye CV, modeli haiachi wazi. Inaandika namba. Kisha skripti inaweka alama kwenye kisanduku cha mwisho kinachosema kwamba mwombaji anathibitisha maelezo yote ni ya kweli. Tamko hilo linabeba jina la mtu, wala si jina la kampuni yenu. Mwajiri akigundua uongo, hata baada ya mtu kuanza kazi, anaweza kumwachisha kwa sababu hiyo, na utetezi wa "ni programu iliyojibu" haumwondolei mtu dhima.

Marekani, fomu nyingi huambatana na CC-305, fomu ya hiari ya kujitambulisha kuhusu ulemavu. Ina majibu matatu, na la tatu ni kutotaka kujibu. Kiendelezi kinachagua la kwanza kwa sababu ndilo lililo juu, na la kwanza linasema mtu ana ulemavu au amewahi kuwa nao. Hili halivumiliki. Taarifa za afya, kabila na imani haziwezi kuwa na jibu la msingi lililochaguliwa na mhandisi. Kama mtumiaji hajajibu, pabaki wazi, au ichaguliwe "sitaki kujibu" pale alipoagiza hivyo kwa maandishi yake.

Kuna pia foleni. Mnatangaza kwamba mtumiaji anaweza kupanga matangazo mengi na kwenda zake. Chini ya Manifest V3, kanuni za Chrome kwa viendelezi, mtendaji wa nyuma wa kiendelezi (service worker) huzimwa na Chrome baada ya sekunde 30 bila shughuli, na kila kilichohifadhiwa kwenye vigeu vyake kinapotea. Foleni yenu imo humo. Ikizimwa katikati inaanza upya, na mwajiri wa kwanza anapokea ombi lilelile mara mbili huku wa mwisho hafikiwi kabisa. Mahali pa foleni ni chrome.storage.local, hifadhi ya kudumu ndani ya kompyuta, na kengele ya kuiamsha ni chrome.alarms. Wasifu wa mtumiaji nao mmeuweka kwenye chrome.storage.sync, hifadhi inayosawazishwa kati ya vifaa vya mtumiaji, ambako kipengele kimoja hakiruhusiwi kuzidi baiti 8,192. Mtu akirefusha maelezo ya kazi zake na kuvuka kiwango hicho, kuhifadhi kunashindikana, ninyi hamsomi hitilafu, na paneli inaandika "Imehifadhiwa". Maombi yanaendelea kwenda na maelezo ya zamani. Ni uongo uleule wa "Limetumwa" katika nguo nyingine.

Kapcha, lile jaribio la kuthibitisha kwamba mtumiaji ni binadamu, ikitokea, hatuombi mtafute njia ya kuikwepa. Bofyo la skripti lina isTrusted, alama ya kivinjari inayoonyesha kama bofyo ni la mtu, yenye thamani ya false, tovuti inaweza kulitambua, na mitandao mingi ya ajira inakataza maombi ya mashine katika masharti yake. Ikitokea, simameni, mwiteni mtumiaji, na mwambieni wazi kabla hajalipia kwamba akaunti yake inaweza kufungiwa.

Kuhusu taarifa zetu. Kiendelezi kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zote kwenye tovuti zote, ikiwamo barua pepe na benki. Kwa kazi ya kujaza fomu iliyo wazi mbele ya mtumiaji, kwa kawaida activeTab, ruhusa ya kichupo kilicho wazi tu, inatosha: anabofya ikoni, ruhusa inapatikana kwa kichupo hicho. Manenosiri mnayotunga kwa ajili ya akaunti za waajiri mmeyaweka kwenye hifadhi ya kiendelezi, ambayo haijasimbwa. Yeyote anayeweza kufungua faili za wasifu wa kivinjari anaweza kuyasoma. Nakala za CV ziko kwenye seva zenu, na kwenye mipangilio hakuna kitufe cha kuzifuta. Kwa wale miongoni mwetu wanaolindwa na GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, hili ni ombi rasmi la kupata nakala chini ya kifungu cha 15 na la kufutiwa chini ya kifungu cha 17, na kifungu cha 12 kinawapa mwezi mmoja wa kujibu. Wasiolindwa nayo tunawaombea wapewe hivyohivyo, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa ya mtu haipungui uzito kwa kuvuka mpaka.

Tunayoyataka ni haya. Leo, si katika toleo lijalo, badilisheni neno "Limetumwa" liwe "Kitufe kimebofywa", na "Limetumwa" litumike tena pale tu ukurasa wa uthibitisho umeonekana na maandishi yake yamehifadhiwa. Zimeni kutuma kwa kiotomatiki kama hali ya msingi: kiendelezi kijaze, kikoleze kwa rangi kila jibu lililotoka kwenye modeli, kisha kisimame ili mtu asome na kubofya mwenyewe. Maswali ya mchujo, ya afya na tamko la ukweli yasiguswe. Mpeni kila mtumiaji orodha ya maombi yote yaliyopita, yenye anwani ya tangazo, saa, na kila jibu lililoandikwa kwa jina lake, ili aweze kuwaandikia waajiri na kusahihisha kabla hawajagundua wenyewe. Kati ya yote haya, orodha hiyo ndiyo yenye haraka zaidi, kwani kuna watu walio katikati ya usaili sasa hivi bila kujua walichokiapia. Na rudisheni mgawo na fedha kwa kila ombi ambalo hamwezi kuonyesha uthibitisho wake.

Kiasi tunachodai hatujakiandika kwa sababu hesabu iko kwenye kumbukumbu zenu. Tunawapa siku 14 kuanzia tarehe ya kupokea barua hii kutuma orodha hizo na jibu la maandishi kwa anwani ya barua pepe iliyofungua lalamiko hili. Msaidizi wa mazungumzo wa tovuti yenu asitumwe kutujibu. Tunahitaji jibu la mtu aliyesoma msimbo.

Wenu waaminifu,
Watumiaji wa kifurushi cha kulipia