Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wauguzi wa Afya ya Akili

Ndugu wanachama,

Kamati tendaji imekutana kama katiba inavyotaka. Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, na Siku ya Afya ya Akili, tarehe 10 Oktoba, tuliziadhimisha. Hesabu atasoma mweka hazina.

Nakuja kwenye azimio la kumwona kila mgonjwa peke yake kwanza, aliyemsindikiza akisubiri nje. Nililipendekeza mimi na bado nalisimamia, pamoja na maneno yote yaliyosemwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unataka mwanamke aulizwe habari za ukatili akiwa peke yake. Makadirio ya shirika hilo ya 2021 yanasema takriban asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza wamefanyiwa na mwenza ukatili wa kimwili au wa kingono. Wengi wao huja kwetu na sonona, kukosa usingizi au baada ya kujaribu kujiua.

Tunayajua mahojiano yenyewe. Mume anajibu kila swali: "Huyu usiku hapati usingizi, anaongea ovyo." Mke ameinamia vidole vyake. Faili linajaa maneno ya mume, na mama anarudi nyumbani na dawa za usingizi zitakazomfanya ashindwe hata kukimbia usiku.

Baadhi yenu mlitaka tuwatenge wale tunaowatilia shaka tu. Nilikataa, kwa sababu mume akiona ni mkewe tu aliyetengwa, mama ataulizwa huko nyumbani alisema nini. Utaratibu ukiwa wa wote, hakuna wa kushukiwa.

Mmesema pia hamjui muulize nini. Mafunzo ya jambo hilohilo yalihudhuriwa na chini ya nusu yetu, na imeniuma. Yalifundishwa haya: uliza wazi, "Kuna mtu nyumbani anayekutisha au kukuumiza?" Akikuambia, mwamini. Uliza kama amewahi kukabwa koo, kwani hiyo ni dalili ya hatari kubwa. Usimshinikize aondoke, kipindi cha kuondoka ndicho hatari zaidi, hivyo pangeni kwanza usalama wake na wa watoto. Usiandike lolote la ukatili kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani.

Ada nazo zimelipwa na wachache, walewale wa kila mwaka. Mfuko wa nauli ya kuwafikisha akina mama kwenye nyumba salama umekauka kwa ajili hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kurudia mafunzo, kukaa na maofisa ustawi wa jamii, na kupata chumba chenye mlango unaofungika.

Mwenyekiti