Kaka, mfijoa mmoja hauzai

Kaka,

Shangazi kaniambia umepanda mfijoa, ule mti wa matunda ya kijani kama mapera, huko Brisbane, mmoja tu, na unalalamika kwamba maua unatoa lakini matunda huyaoni. Waulize waliokuuzia ni aina gani. Kama si Unique, unaojichavusha wenyewe, utafutie mwenzake. Mama hapa Hamilton, New Zealand, alipanda Triumph na Mammoth kwa sababu hiyo hiyo, na jembe ulishika wewe. Tena mti huu unapenda kibaridi. Huko kwenu sijui utakipata wapi.

Usichimbechimbe shinani, mizizi yake iko juu juu. Tandaza majani makavu, mwagilia matunda yanapojaa. Kupogoa ni baada ya mavuno, ufungue katikati ndege wapite, maana ndio wachavushaji wakubwa: wanafuata zile petali nene tamu, wanaondoka na chavua kichwani. Mama naye alikuwa akizitafuna, akiambiwa anawadhulumu ndege anasema mti huu ni wa ukoo wa mkarafuu, na mtu wa Pemba ana haki yake. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka mpaka unakaa chini.

Sasa niambie, asubuhi ile ya arobaini ya Mama ulikuwa unafikiri nini?

Nilikuwa jikoni na wenzangu tunachambua mchele. Nikasikia chenso, nikadhani kwa jirani. Kutoka nje, Triumph uko chini, nawe unafuta vumbi la mbao kwenye miwani, unaniuliza, "Magari ya wageni yatakaa wapi?" Mwezi wa nne, Kaka. Mti umebeba. Matunda yametapakaa nyasini, mengine umeyakanyaga kwa viatu vya msikitini. Hitma ilisomwa, mimi puani nina harufu ile tu. Na magari yote yakaegeshwa barabarani, kwa sababu gogo lilikuwa limelala uani!

Ndiyo maana harusini kwa binti yako sikuja. Wanasema nimekata undugu kwa ajili ya mti. Waseme. Fijoa haichumwi, huanguka yenyewe ikiiva, na ukiiacha siku mbili tatu ndani inakuwa kahawia. Msimu wa mwisho wa Mama, nani alikuwa akiinama kuziokota kila alfajiri kabla ya kwenda kazini? Nani alizikata nusu, akamlisha kwa kijiko, alipokuwa hataki chakula kingine? Wewe ulipiga simu kila Ijumaa. Simu zako zilimfurahisha, sikatai, siku hiyo alikuwa hata anajipaka wanja. Lakini aliyekuwepo alikuwa mimi, na aliyekuwepo ndiye wa kuulizwa kabla mti haujaangushwa.

Mammoth bado upo. Desemba unajaa maua, halafu matunda ya kuhesabu. Kwenye pengo nimepanda Apollo. Usinitumie pesa ya mche, nimeshaulipia.

Binti yako mpe salamu, mwambie zawadi yake ninayo. Nawe ukitaka kuja, njoo. Gari utaliacha barabarani.