Risala ya wafanyakazi kwa Mgeni Rasmi katika mkutano mkuu wa mwaka wa tawi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Wawakilishi wa menejimenti,
Ndugu Katibu wa Chama Mkoa,
Wafanyakazi wenzangu, mshikamano daima!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana. Utuwie radhi kwa kukupitisha geti la nyuma. La mbele linapakia malori. Walioketi mbele yako ni mafundi mitambo, wapakiaji, wafagizi, na akina mama wa kufunga maboksi ambao ndio uti wa mgongo wa tawi hili.

Mwaka huu tumesaini mkataba wa kutambuana na mwajiri. Anayeuona ukutani atadhani ni kazi ya asubuhi moja. Ulituchukua miezi 11, na karibu yote iliishia kwenye swali moja: wahesabiwe akina nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 67, inakipa chama chenye wanachama walio wengi katika wigo wa majadiliano unaofaa, yaani kundi la wafanyakazi ambao chama kitajadiliana kwa niaba yao, haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa kujadiliana. Tulipeleka notisi, tukakutana na mwajiri ndani ya siku 30 za kisheria, tukaambiwa hatujafika nusu. Kiwandani tulikuwa 286, na waliojaza fomu ya kukatwa ada ni 171. Menejimenti ikaleta orodha ya watu 361, imejumlisha madereva na watunza maghala wa mikoani. Kwa hesabu hiyo tukapungukiwa watu 10.

Tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msuluhishi akataka orodha isomwe jina kwa jina. Jina la 43 likawa la mlinzi aliyestaafu mwaka juzi. Mzee huyo yupo hapa, mstari wa pili, mwenye kofia nyeupe, na anasema kama bado ni mfanyakazi, basi anadai mishahara yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuseme kweli: hoja ya mwajiri haikuwa ya kupuuzwa. Sheria haipendi kampuni igawanywe vipande vipande kwa ajili ya majadiliano. Lakini inataka pia yatazamwe maslahi yanayofanana, muundo wa mwajiri na mahali watu walipo. Dereva wa ghala analipwa kwa safari, hana zamu, na msimamizi wake hajawahi kufika hapa. Tukakubaliana wigo uwe kiwanda, na suala la maghala liangaliwe upya baada ya mwaka mmoja.

Sasa limezuka jingine. Akina mama 38 wa kufunga maboksi, wote wanachama, wamehamishiwa kwa wakala wa ajira. Meza ni ileile, aproni ni zilezile, msimamizi ni yuleyule. Kilichobadilika ni jina lililo juu ya hati ya mshahara. Kwa hiyo tumebaki 133 kati ya 248. Wakihamishwa wanachama 18 zaidi tutakuwa nusu kamili, na nusu si wengi. Hapo mwajiri anaweza kutupa notisi ya miezi mitatu turudishe idadi, tukishindwa utambuzi unakoma.

Tunaomba ofisi yako imwombe Afisa Kazi afike akague mikataba ya akina mama hawa, ijulikane mwajiri wao hasa ni nani. Tunaomba pia utusaidie menejimenti irudi mezani. Mazungumzo ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya malipo na masharti ya kazi, yamekwama kwenye malipo ya zamu ya usiku: sheria imeweka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, sisi tumeomba 10, na tangu tuombe hatujapewa tarehe ya kikao. Hata wakija na 6, waje tuzungumze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wafanyakazi